Je, bei ya sokoni Vietnam hupangwa na sura ya mnunuzi au na saa anayofika?

#1 MwalimuWaJioni (Hanoi)
Habari zenu wanajukwaa. Naleta hoja ambayo ningependa tuijadili kwa kina, hasa sisi tunaoishi na kufanya kazi Vietnam. Waafrika wengi wanaohamia huku hulalamika kwamba wauzaji wa sokoni huwapandishia bei kwa sababu ni wageni. Mimi nadai kwamba kinachowaumiza zaidi ni saa. Wengi wetu tunafundisha Kiingereza katika vituo vya lugha, na vituo hivyo hupata wanafunzi baada ya shule kufungwa, kwa hiyo vipindi vyetu huanza saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, na mwisho wa juma ni kutwa nzima. Mtu anayelala usiku wa manane hufika sokoni saa nne asubuhi, wakati soko la mtaa limekwisha kumaliza kazi yake. Nguruwe wamechinjwa usiku, nyama imefika mezani kabla ya saa kumi na moja alfajiri ikiwa bado na joto la mwili wa mnyama, na akina mama wenyeji wameibonyeza kwa kidole kuhakikisha kwamba inanata. Ikifika saa moja, vipande vizuri vimekwisha. Anayekuja saa nne hukuta mabaki, na muuzaji ambaye ameshapata fedha yake ya siku hana sababu ya kushuka bei. Nyinyi mnaonaje?

#2 MamaKorosho (Đồng Nai)
Ahsante mwalimu, lakini sikubaliani nawe. Mimi nakagua ubora wa korosho ghafi katika kiwanda kilichopo eneo lililokuwa mkoa wa Bình Phước, ambao uliunganishwa na Đồng Nai Julai 1, 2025. Korosho za Mtwara na Lindi huanza kuvunwa Oktoba, wakati mavuno ya Afrika Magharibi yalikwisha miezi mingi nyuma, na kwa sababu hiyo wabanguaji wa huku huzihitaji sana na kazi yangu huwa nyingi mwanzoni mwa mwaka. Natoka kiwandani saa kumi na moja jioni pamoja na umati wa wafanyakazi, na nje ya geti tunakuta soko ambalo mchana halikuwepo: maturubai yametandikwa chini kando ya barabara, balbu zinawaka juu ya mafungu ya mboga, tofu, mayai ya bata na samaki wa mtoni. Wengi hununua wakiwa wamekaa juu ya pikipiki. Mama anafunga mfuko, anauning'iniza kwenye usukani, na mnunuzi anaondoka. Bei ya saa hiyo huwa chini kuliko ya asubuhi, kwa kuwa muuzaji hana friji na hataki kurudi nyumbani na mzigo. Ikiwa saa ndiyo inayopanga bei, basi anayechelewa angenufaika. Huenda tatizo la walimu ni kwamba mnafika saa ambayo si asubuhi wala si jioni.

#3 FundiMinara (Hanoi)
Nyote wawili mmeizunguka hoja. Nilikuja huku kwa kazi ya ufundi wa minara ya simu, fani ambayo Watanzania na Wavietnam wanafahamiana vizuri, kwani Halotel ya nyumbani ni mali ya Viettel ya huku. Mwenzangu wa kazini, kijana wa Kivietnam, aliwahi kusimama nyuma yangu wakati nauliza bei ya tangawizi na mchaichai. Nilipoondoka bila kununua, yeye akauliza kwa mama yuleyule, saa ileile, akatajiwa bei iliyo chini sana. Saa haikubadilika hata dakika tano. Kilichobadilika ni sura ya muulizaji. Sisemi kwamba yule mama ana chuki, maana alinichangamkia na hata kunionjesha embe. Nasema kwamba mgeni hupangiwa bei yake, na tukubali hivyo.

#4 BiShokishoki (Hanoi)
Ndugu FundiMinara, mfano wako haujakamilika, kwa sababu hujatueleza kama kijana huyo ni mteja wa siku zote wa mama huyo. Hapa Hanoi, kama ilivyo Darajani kwetu Unguja, mteja wa kudumu ana bei yake. Muuzaji wangu wa mboga hanitajii bei kabisa. Ananipimia, anataja jumla, kisha anatia kwenye mfuko kishada cha vitunguu majani na pilipili mbili bila malipo. Nyongeza hiyo haikuja mara moja. Ilikuja baada ya kununua kwake peke yake kwa muda mrefu, hata siku ambazo jirani yake alikuwa na mboga nzuri zaidi. Matembele, majani ya maboga, mchaichai, vyote vipo na vinaliwa na wenyeji, kwa hiyo mtu wa pwani hana sababu ya kulilia mboga za nyumbani.

#5 Mpwani_DaNang
Shikamoo Bi Shokishoki. Naona hakuna aliyegusa jambo la mteja wa kwanza. Wauzaji wengi huku wanaamini kwamba anayenunua wa kwanza asubuhi ndiye anayefungua biashara ya siku nzima, na akiwa mwepesi wa kununua, siku itakuwa nyepesi. Mtu akija mapema, akauliza bei, akashika kila kitu, akapatana sana, kisha akaondoka mikono mitupu, anahesabiwa kuwa ameacha mkosi. Nimemwona mama mmoja wa samaki hapa Đà Nẵng akiwasha kipande cha karatasi baada ya mteja wa namna hiyo kuondoka. Alikipitisha juu ya mabeseni, akakizungusha pembeni mwa kigoda chake cha plastiki, kisha akakitupa katikati ya njia kikiwa bado kinafuka moshi, na ndipo akakaa. Sasa tujiulize: mgeni anayefika saa kumi na mbili asubuhi akiwa amefundishwa na wenzake kwamba lazima apatane, anatazamwaje? Bei ya juu anayotajiwa yaweza kuwa njia ya kumwondoa mapema kabla hajagusa samaki.

#6 FundiMinara
Mimi niliuliza tangawizi jioni, ndugu yangu. Mteja wa kwanza alikuwa amekwisha pita.

#7 MkaaziWaCanTho
Naomba kuchangia kutoka kusini, ambako mambo ni tofauti. Wauzaji wa huku kwetu katika delta ya Mekong hawana ukali wa bei kama wa Hanoi, na sijaona mgeni akionewa. Ukinunua matunda kwa kumi, muuzaji anakuhesabia 12. Nilipewa 14 mara kadhaa. Naamini walinipendelea kwa sababu ninawasalimu kwa lugha yao.

#8 OmondiSaigon
Ndugu MkaaziWaCanTho, salamu zako ni njema na uendelee nazo, ila hesabu hiyo haikuwa upendeleo. Katika delta ya Mekong, kumi ya matunda ya kuuziana sokoni ni 12 mahali pengine, 14 kwingine, na zipo sehemu inapofika 16, kwa kila mnunuzi bila kujali ametoka wapi. Ni desturi ya wakulima na wachuuzi wa mashua, wanaohesabu kwa kurusha matunda mawili mawili. Jambo hili lina uzito katika mjadala wetu, maana wageni wengi hulinganisha bei bila kulinganisha kipimo. Huko Hanoi muuzaji anaweza kutaja bei ya gramu 100, hasa kwa nyama, uduvi mkavu na viungo, na mgeni akadhani ni bei ya kilo, kisha akaona ameongezewa mara kumi wakati wa kulipa. Tena wauzaji huacha elfu wanapotaja bei: akisema thelathini, anamaanisha đồng (fedha ya huku) 30,000. Na anayelipa jioni kwenye mwanga hafifu aziangalie vizuri noti zake za plastiki, kwa kuwa ya 20,000 na ya 500,000 zote zina rangi ya buluu.

#9 MkaaziWaCanTho
Ahsante kwa kunisahihisha, Omondi. Hata hivyo nitaendelea kuwasalimu.

#10 MwalimuWaJioni
Nawashukuru wote. Bi Shokishoki ameniongezea hoja bila yeye mwenyewe kukusudia. Huwezi kuwa mteja wa kudumu kama ratiba yako ya kazi inakutupa sokoni saa ambayo muuzaji wako amelala. Kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba na nusu mchana, nchi hii inapumzika. Maofisini watu hutandika mikeka chini ya meza, taa zikazimwa, na sokoni wauzaji hulala kwenye bembea za kitambaa zilizofungwa kati ya nguzo mbili za banda, kofia ikiwa usoni. Mgeni anayemwamsha mtu ili amuuzie fungu moja la kotmiri asitarajie kupatana. Ndiyo maana nasema ratiba ya kazi ndiyo mzizi.

#11 MsafirishajiLongBien (Hanoi)
Ninaishi ng'ambo ya daraja la Long Biên, lile lililojengwa na Wafaransa kati ya 1899 na 1902, na mara nyingi hupita kwenye soko la jumla lililo chini yake usiku ninaporudi kutoka zamu. Mwalimu amekaribia ukweli, lakini hajaufuatilia hadi chanzo chake. Soko lile huanza kuchemka wakati wengine wamelala: malori ya matunda yanaingia, wabebaji wanasukuma mikokoteni ya chuma, na wachuuzi wadogo wanapanga foleni na pikipiki zao zenye matenga pande zote mbili. Mchuuzi akinunua pale saa nane usiku, bei yake ya kuuzia imekwisha jengeka kichwani kabla hajakutana na mnunuzi yeyote, awe mweusi au mweupe. Saigon nako ni vivyo hivyo katika masoko ya jumla ya Bình Điền, Hóc Môn na Thủ Đức. Masoko hayo matatu yalipokuwa yamefungwa yote Julai 2021 kwa sababu ya korona, mboga ziliadimika mjini kwa kila mtu, na mitaa mingi ilitumia karatasi maalumu zilizoonyesha siku ambayo kila kaya iliruhusiwa kwenda sokoni.

Kuna jambo jingine ambalo halijatajwa. Masoko mengi tunayoyazungumzia ni ya vichochoroni, hayana kibali, na askari wa kata hupita kuwaondoa wanaokaa kwenye njia ya waenda kwa miguu. Muuzaji anajua saa za doria. Kabla ya doria anauza haraka na kwa bei nafuu, kwa sababu akikamatwa anatozwa faini au kunyang'anywa mizani na mzigo. Baada ya doria anarudi akiwa na utulivu, na bei inapanda tena. Huenda saa ya mwalimu ni saa ya askari.

#12 MamaKorosho
Hoja ya askari inanigusa, kwani hata soko letu la getini hukimbia mara moja gari la kata linapoonekana: turubai linakunjwa na mboga zake ndani, na barabara inakuwa nyeupe. Ila kwetu doria ikipita bei haipandi. Wafanyakazi wa kiwandani hawana uwezo wa kulipa zaidi, na wanataka kufika nyumbani wapike. Kwa mujibu wa Sheria ya Kazi ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika Januari 1, 2021, saa za kawaida za kazi hazizidi 48 kwa wiki, na kazi ya ziada haizidi saa 40 kwa mwezi. Mtu aliyefanya kazi kwa kiwango hicho, siku sita kwa wiki, hana muda wa kuzunguka vibanda vinne akipatana. Muuzaji wa getini anamjua mnunuzi wake kuliko anavyomjua askari.

#13 OmondiSaigon
Nyongeza kidogo kwa dada MamaKorosho: kikomo cha saa 40 za ziada kwa mwezi kilipandishwa hadi 60 mwaka 2022, na kile cha mwaka ni saa 200 kwa kawaida au 300 pale sheria inaporuhusu. Kwa hiyo hali ya wafanyakazi hao ni nzito kuliko ulivyoieleza, na hoja yako inapata nguvu.

#14 BiShokishoki
Naomba niwarudishe kwenye mwezi. Nyinyi mnahesabu saa, wenyeji wanahesabu pia tarehe za mwezi mwandamo, kama tunavyofanya sisi Waislamu. Siku ya kwanza na ya 15 ya mwezi huo, watu wengi hula chakula kisicho na nyama na kupeleka maua na matunda kwenye madhabahu za nyumbani, na siku hizo maua na ndizi hupanda bei tangu alfajiri. Kaskazini wengi huepuka kula bata siku za mwanzo wa mwezi kwa kuhofia mkosi, kisha mwishoni mwa mwezi mabanda ya bata hujaa. Mimi hununua bata mwanzoni mwa mwezi, kwa kumwagiza akiwa hai ili ndugu wa msikiti wa Al-Noor, ule wa mtaa wa Hàng Lược uliojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi mwishoni mwa karne ya 19, anichinjie. Muuzaji hufurahi kuniona siku hizo kwa kuwa wenyeji hawaji. Sura yangu ni ileile na baibui ni lilelile, ila bei inashuka. FundiMinara, hilo unalielezaje?

Kuhusu matunda sina malalamiko. Shokishoki na doriani nilivijua tangu utoto, kwa hiyo muuzaji akinipa doriani bichi namrudishia, na akiniona nagonga ganda na kunusa penye kikonyo, anaacha kunitajia bei ya mtalii.

#15 FundiMinara
Bi Shokishoki, mfano wa bata nimeupokea, na siwezi kuupinga, kwani pale uhitaji umepungua na kila mnunuzi ni wa thamani. Lakini tazama sentensi yako ya mwisho. Umesema anaacha kukutajia bei ya mtalii. Bei hiyo, kwa hiyo, ipo, na ulitajiwa wewe kabla hujaonyesha ujuzi. Mwanamke wa Hanoi hahitaji kugonga doriani ili atajiwe bei halali.

#16 Mpwani_DaNang
Hapo FundiMinara amepiga pale pale. Hata hivyo, mwanamke wa Hanoi akija kwetu Đà Nẵng, lahaja yake inasikika kwenye neno la kwanza, naye hutajiwa bei ya juu. Wenzangu wa kazini waliotoka kaskazini hulalamika sawasawa na sisi, na Nha Trang wakati wa likizo hulalamika zaidi. Suala hapa ni kama muuzaji anatarajia kukuona tena, na rangi inaingia tu kwa kuwa inamwambia kwamba huenda hutarudi.

#17 MhasibuWaMtaa (Hải Phòng)
Nimesoma michango yote na nashangaa hakuna aliyetaja kodi. Amri ya serikali namba 70 ya mwaka 2025, iliyoanza kutumika Juni 1, iliwataka wafanyabiashara wa kaya wenye mauzo ya đồng bilioni 1 au zaidi kwa mwaka kutoa risiti za kielektroniki kwa mashine zilizounganishwa na mamlaka ya kodi, na kodi ya makadirio waliyoizoea ikapangiwa kufutwa kuanzia Januari 1, 2026. Kabla ya hapo, karibu kila kibanda kilikuwa na msimbo wa QR wa kulipia kwa simu, uliobandikwa kwenye mizani au kwenye beseni la samaki, pamoja na kispika kidogo kinachotangaza kwa sauti kwamba fedha imeingia. Mwezi ule wa Juni, vibanda vingi vilibandua msimbo na kuweka tangazo la fedha taslimu tu, na vingine vilifunga kwa muda. Mgeni anayelipa kwa simu na kuomba risiti kwa ajili ya ofisi yake anaonekana kama gharama ya ziada. Nadhani wengi waliotajiwa bei ya juu kipindi hicho walikuwa wametoa simu mfukoni kabla ya kuuliza.

#18 MsafirishajiLongBien
Ndugu Mhasibu, kiwango cha bilioni 1 hakimgusi mama wa kotmiri aliyechutama kichochoroni. Anayeguswa ni mwenye kibanda kikubwa cha nyama, muuza nguo wa jumla pale soko la Đồng Xuân, au mgahawa wenye wateja wengi. Tangawizi ya FundiMinara haina risiti.

#19 MhasibuWaMtaa
Ni kweli kwamba haimgusi kwa sheria, lakini ilimgusa kwa hofu. Muuza mboga wangu, ambaye mauzo yake hayakaribii hata kidogo kiwango hicho, aliuondoa msimbo wake juma lilelile na kuanza kukataa malipo ya simu kutoka kwa mtu yeyote asiyemfahamu. Majirani niliendelea kuwaona wakimlipa kupitia simu ya mwanawe.

#20 MwalimuWaJioni
Basi hata hapo anayeruhusiwa ni anayefahamika, na kufahamika kunahitaji kufika saa ambayo majirani wanafika. Kwa mwalimu anayetaka kujaribu, nashauri hivi: siku usiyo na kipindi cha usiku, nenda kichochoroni kwako saa kumi na mbili asubuhi, usimwendee muuzaji ambaye bado hajauza kitu, nunua mboga kwa yule ambaye tayari ana wateja wawili watatu wenyeji, toa noti ndogo, na urudi kwake yeye yule kesho yake.

#21 FundiMinara
Mwalimu, ushauri wako ni mzuri na nitautumia, lakini umeniambia nijipange nyuma ya wenyeji ili nisikie bei wanayotajiwa wao. Kama bei hupangwa na saa, ningetajiwa hiyohiyo hata nikiwa peke yangu.